Chanjo kati ya hiari na lazima: usalama unalindwa wapi, na nani ana haki ya kulazimisha

Septemba 2023 wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Songwe na Mbeya, pamoja na Kigoma na Kagera, wakiwapa matone ya polio watoto wote walio chini ya miaka 8. Kampeni ile ilianzia kwa mtoto mmoja wa Rukwa aliyepooza. Vipimo vilionyesha kuwa kirusi kilichompoozesha kilikuwa polio ya aina ya 2 iliyotokana na chanjo. Habari hiyo ilipofika vijiweni na misibani ikageuka swali ambalo si la kipuuzi hata kidogo: kama kirusi kimetokana na chanjo, kwa nini mtoto wangu apewe chanjo tena, na nikikataa nitafanywa nini?

Swali hilo lina mambo matatu ndani yake. La kwanza ni usalama wa chanjo yenyewe, jinsi ilivyotengenezwa na kupimwa. La pili ni usalama wa huduma, yaani yote yanayotokea tangu kichupa kitoke kiwandani mpaka dawa iingie kwenye paja la mtoto. La tatu ni mamlaka: nani ana haki ya kumwambia mwenzake achanje, na kwa adhabu gani. Wabishanaji wengi hujibu moja wakaona wamemaliza yote. Daktari anayesema chanjo ni salama hajaeleza bado kwa nini iwe lazima. Naye anayesema mwili ni wake hajathibitisha kwamba chanjo ina madhara. Hapa tutayatenganisha, na tutakaa zaidi kwenye lile la pili, kwa sababu ndilo linalozungumzwa kidogo ilhali ndilo mzazi wa Makete au Mbarali anaweza kulikagua kwa macho yake.

Kirusi cha Rukwa kilitoka wapi

Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akiyameza, kirusi huzaliana kwenye utumbo, mwili hujenga kinga, kisha kirusi hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, safari yake huishia hapo. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa na vyoo ni vya shida, huhama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine mwezi baada ya mwezi, na katika kuzaliana huko hubadilika kidogo kidogo mpaka kinarudiwa na nguvu ya kupoozesha. Kwa hiyo anayepooza katika mlipuko wa namna hii kwa kawaida si yule aliyepewa matone jana. Ni yule ambaye hakuwa na kinga ya aina hiyo kirusi kilipomfikia.

Aina ya 2 ndiyo iliyokuwa na tabia hii kuliko nyingine, na ndiyo sababu Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zikitumia matone ziliiondoa kwa wakati mmoja. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake: watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata tena kinga ya utumbo dhidi ya aina ya 2. Ukihesabu kuanzia 2016 hadi 2023 utaona kwa nini kampeni iliwalenga walio chini ya miaka 8 badala ya walio chini ya miaka 5 kama ilivyozoeleka. Wengi waliichanganya na kampeni ya Machi 2022 katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, ambayo chanzo chake kilikuwa kingine kabisa: polio ya asili iliyogunduliwa Malawi, ng'ambo ya Kasumulu na Ziwa Nyasa.

Ipo pia hatari ya mtoto aliyepewa matone kupooza yeye mwenyewe. Inakadiriwa kuwa mtoto 1 kwa kila dozi za kwanza milioni 2.7. Ni hatari ndogo mno ukiilinganisha na polio yenyewe, lakini ipo, na mhudumu anayemwambia mzazi kwamba matone hayajawahi kumdhuru mtu yeyote duniani anasema jambo lisilo kweli. Mzazi akija kulisikia kutoka kwa mwingine, hatamwamini mhudumu huyo hata atakapozungumzia surua.

Mtoto akiugua baada ya sindano

Shirika la Afya Duniani linayagawa matukio mabaya yanayofuata chanjo katika makundi matano. Kuna yanayotokana na chanjo ilivyo, hata ikitolewa ipasavyo. Kuna yanayotokana na kasoro ya kiwandani. Kuna yanayotokana na kosa katika kuitunza au kuitoa. Kuna yanayotokana na hofu ya sindano. Na kuna yale yaliyogongana tu na tarehe ya chanjo. Ubishi mkali uko kwenye hili la mwisho, maana mzazi anayeambiwa kuwa "imetokea tu" huona amefukuzwa, na mara nyingine kweli amefukuzwa.

Tufanye hesabu. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 nchini unaonyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na 24 kati yao hufariki katika mwezi wa kwanza. Wanabaki 9 wanaofariki kati ya mwezi wa kwanza na mwaka. Chukua halmashauri inayozaa watoto 10,000 kwa mwaka: watakaofariki katika umri huo ni takriban 90, kwa nimonia, malaria, kuhara, ajali na mengineyo. Katika kipindi hicho hicho cha siku 335 hivi, kila mtoto hupelekwa kuchanjwa mara nne: wiki ya 6, ya 10, ya 14 na mwezi wa 9. Ukihesabu siku mbili baada ya kila chanjo, unapata siku 8. Zidisha 90 kwa 8, gawanya kwa 335, na jibu ni 2 na ushei. Maana yake, katika halmashauri hiyo watoto wawili hivi kila mwaka watafariki ndani ya siku mbili baada ya kuchanjwa hata kama kichupa kingekuwa na maji safi matupu.

Hesabu hii haimpi mtu ruhusa ya kusema kila kifo ni cha bahati mbaya. Inachosema ni kwamba tarehe peke yake haithibitishi wala haikanushi. Kinachothibitisha ni uchunguzi wa tukio lenyewe, na hapo mambo ya kuulizwa yanajulikana: watoto wangapi walichanjwa kutoka kichupa kile kile na hali zao zikoje, dalili zilianza saa ngapi, mtoto alipimwa malaria au la. Kyela na vijiji vya Ludewa vilivyo kando ya Ziwa Nyasa ni ukanda wa malaria. Homa ya siku ya nne baada ya Penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano) ikiachwa bila kupimwa kwa kuwa "ni ya chanjo tu" inaweza kumuua mtoto, na baada ya hapo chanjo italaumiwa kwa kifo ambacho dawa ya malaria ingekizuia.

Ratiba ya maudhi ya kawaida inajulikana vizuri na inasaidia sana. Penta huleta homa na paja kuuma ndani ya siku moja au mbili. Surua-rubella hungoja: homa, na kwa baadhi vipele vichache, hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12. Ndani ya dirisha hilo mtoto 1 kati ya 3,000 hadi 4,000 anaweza kupata degedege la homa, ambalo linatisha mno kulitazama lakini kwa kawaida hupita bila kuacha kovu kwenye ubongo. Sindano ya kifua kikuu ya begani huleta uvimbe mdogo baada ya wiki 2 hadi 4, unachubuka, unakauka na kuacha alama. Usiupake majani, spiriti wala dawa ya unga. Mzio mkali wa ghafla hutokea takriban mara 1 katika dozi milioni moja, karibu kila mara ndani ya nusu saa ya kwanza, na ndiyo sababu unaombwa ukae kwenye benchi kabla ya kuondoka. Tiba yake ni adrenalini ndani ya msuli wa paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kituo kinachochanja bila adrenalini karibu hakijajiandaa kwa kazi yake.

Kwa homa ya baada ya chanjo, parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 6 anayepewa dawa ya maji yenye miligramu 120 ndani ya mililita 5 anatosheka na mililita 2.5, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Haitolewi kabla ya sindano kwa kujihami. Mtoto aliyelegea, asiyenyonya, anayelia kwa sauti kali bila kukoma kwa zaidi ya saa tatu, au mwenye degedege, harudishwi nyumbani na parasetamoli.

Kati ya kiwanda na paja

Madhara makubwa ya chanjo yaliyotikisa nchi katika miaka ya karibuni mara nyingi yametoka kwenye mikono na majokofu, hata dawa ikiwa haina kosa. Mei 2017, huko Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta kwamba bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote nne za kampeni na dawa haikutunzwa kwenye baridi. Samoa, mwaka 2018, watoto wawili wachanga walifariki baada ya wauguzi kuchanganya unga wa chanjo na dawa ya usingizi ya upasuaji badala ya maji maalumu ya kuchanganyia. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi, wazazi wakaikimbia, na mwaka 2019 surua ikaingia. Nchi yenye watu wapatao 200,000 ilizika watu 83, wengi wao watoto wadogo. Ndipo chanjo ikafanywa lazima kwa amri, watu wakaambiwa wakae ndani na timu zikapita nyumba kwa nyumba. Tunaitaja Samoa kwa sababu inaonyesha mfuatano ambao wapiga debe wa pande zote mbili huuruka: kosa la huduma, halafu ukimya, halafu hofu, halafu mlipuko, halafu amri. Amri ilikuja kulipia deni la hatua ya kwanza.

Chanjo ya surua-rubella huja ikiwa unga. Haina dawa ya kuua bakteria, kwa hiyo ikishachanganywa huwa chakula kizuri cha vijidudu. Muda wake ni saa 6, au mwisho wa kliniki, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo hutupwa hata kama zimebaki dozi 9. Kichupa kina dozi 10, na hapa ndipo panapozaliwa tatizo jingine: mhudumu anayeogopa kuulizwa juu ya upotevu humwambia mama aliyefika peke yake arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Mama aliyetembea saa tatu kutoka kitongojini hana siku nyingine. Maelekezo sahihi ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Dozi 9 zikitupwa zinanunulika tena.

Nyanda za Juu Kusini zina hatari yao ya pekee ambayo vitabu vya mafunzo, vingi vikiwa vimeandikwa kwa kuwaza joto la pwani, huigusa kwa haraka: baridi. Chanjo za kawaida hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi wanajua kwamba joto huziua. Wachache wanajua kwamba Penta, ya nimonia, ya pepopunda, ya polio ya sindano na ile ya saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda, na haziponi zikiyeyuka. Nyingi kati yake zina chembe za aluminiamu zinazoamsha kinga. Zikiganda, chembe hushikana mabonge, kinga hupungua na paja huweza kutunga jipu. Juni na Julai, sakitu inapolala mashambani Makete na Kitulo, mhudumu anayetoka kwa pikipiki kwenda huduma ya mkoba akiwa amepanga barafu ngumu ndani ya kasha anaweza kufika na dawa iliyoganda bila kujua. Barafu hutakiwa iachwe nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, na kwenye baridi ya kule hilo huchukua muda mrefu kuliko kinavyosema kitabu. Chupa bapa zenye maji baridi yasiyoganda ni salama zaidi.

Kwenye kichupa kuna alama ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa inafaa. Ukifanana nalo rangi au kuwa mweusi zaidi, inatupwa. Mzazi ana haki ya kuonyeshwa alama hiyo, na mhudumu mzuri humwonyesha bila kuombwa. Ila ieleweke kwamba alama hiyo husoma joto tu. Kichupa kilichoganda kinaweza kuwa na mraba mweupe kabisa. Baridi hugunduliwa na kifaa cha kurekodi ndani ya jokofu, ambacho hutoa ishara kikikaa nyuzi -0.5 kwa dakika 60, na kwa upande wa joto kikizidi nyuzi 8 kwa saa 10. Pakiwa na shaka hufanywa jaribio la kutikisa: kichupa kimoja cha toleo lile lile kinagandishwa makusudi hadi kiwe barafu, kinayeyushwa, kisha kinatikiswa pamoja na kile kinachotiliwa shaka na vyote viwili vinawekwa mezani. Kinachotiliwa shaka kikituamisha mashapo haraka sawa na kilichogandishwa, toleo hilo halitumiki.

Bomba la sindano liwe jipya, lifunguliwe mbele yako, la aina inayojifunga yenyewe ikishatumika, na liende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama bila kurudishiwa kifuniko. Kuomba kuyaona haya hakumfanyi mtu kuwa mpinga chanjo.

Waliojitolea Mbeya

Kuna dhana kwamba majaribio ya chanjo hayana breki, na kwamba kikianza chochote kitafika sokoni tu. Mbeya ina ushahidi wa karibu unaosema vinginevyo. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo jijini kimeshiriki kwa miaka mingi majaribio ya chanjo za VVU. La karibuni, PrEPVacc, lilifanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban, Afrika Kusini, kwa watu wazima wa miaka 18 hadi 40. Kamati huru ya kufuatilia takwimu, ambayo ndiyo pekee inayoona nani kapewa chanjo na nani kapewa maji ya chumvi, ilipitia matokeo na kushauri uchanjaji usimame kwa kuwa hakukuwa na matumaini ya kuonyesha kinga. Ulisimamishwa mwaka 2023 na ikatangazwa hadharani. Wakazi wa Mbeya waliojitolea walistahili heshima kubwa kuliko waliyoipata. Wao ndio waliowezesha dunia kujua kwamba njia ile haifiki.

Baada ya chanjo kusajiliwa ufuatiliaji huendelea, kwa sababu jambo linalompata mtu 1 kati ya laki tatu haliwezi kuonekana katika jaribio la watu elfu arobaini. Aprili 13, 2021 Marekani ilisitisha chanjo ya UVIKO-19 ya Janssen baada ya kuona wanawake 6 walioganda damu kwa namna isiyo ya kawaida kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Siku 10 baadaye ikaruhusiwa tena ikiwa na onyo, na mwaka uliofuata matumizi yake yakabanwa. Hiyo ndiyo chanjo iliyofika Tanzania kwanza, dozi 1,058,400, Julai 2021. Aliyekuwa na wasiwasi nayo alikuwa na msingi, na alistahili kuelezwa ukubwa wa hatari hiyo pamoja na dalili zake: kichwa kuuma vikali, tumbo au mguu kuuma, ndani ya wiki tatu hivi. Badala yake mjadala wa mitaani ulikuwa juu ya sumaku begani na alama za shetani, na wasiwasi wa kweli ukazikwa humo.

Lazima kwa nani, kwa sababu ipi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inayotumika Tanzania Bara, inaorodhesha haki ambazo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumtimizia mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu ikiwemo chanjo, elimu na maelekezo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Chanjo imewekwa kama haki ya mtoto, na hilo hubadilisha ubishi wote. Hoja ya "mwili ni wangu" ina nguvu kwa mtu mzima anayeamua juu ya bega lake. Mtoto wa miezi 9 hajaulizwa, na mzazi ni mdhamini wake.

Kwa watu wazima hali ilikuwa nyingine. Januari 2021 Rais John Magufuli aliitilia shaka hadharani chanjo ya UVIKO-19. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera na kusema ni hiari. Kenya ilijaribu njia kali, ikatangaza Novemba 2021 kwamba wasiochanjwa wangenyimwa huduma za serikali, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo Desemba.

Kwa maoni yetu, hoja ya kulazimisha inapaswa kupimwa ugonjwa kwa ugonjwa, na kipimo kikubwa ni hiki: kutochanja kwangu kunamdhuru nani mwingine? Surua ndiyo yenye hoja nzito. Mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga huambukiza watu 12 hadi 18, na mlipuko huzuilika pale tu kinga inapofika takriban asilimia 95. Wapo wasioweza kuchanjwa: watoto chini ya miezi 9, na wenye upungufu mkubwa wa kinga, jambo lenye uzito wa pekee Njombe, Iringa na Mbeya ambako VVU vimeenea kuliko mikoa mingi. Hao hutegemea majirani. Pepopunda iko upande wa pili kabisa. Inatoka kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Ni ugonjwa wa kutisha na chanjo yake ni nzuri, lakini hoja ya kumlinda jirani haipo. UVIKO-19 ilikuwa katikati: chanjo ilizuia kulazwa na vifo kwa wazee na wenye maradhi sugu, ila kinga yake dhidi ya kuambukiza wengine ilififia mapema, na kadiri ilivyofifia ndivyo hoja ya kumlazimisha kijana mwenye afya ilivyopungua.

Husemwa kwamba "hata waliochanjwa waliugua surua, basi haina maana". Shule ya wanafunzi 1,000 ambayo 950 wamepata dozi mbili na 50 hawakupata, ikifikiwa na surua mahali pote, itapata wagonjwa 28 hivi kati ya waliochanjwa, kwa kuwa dozi mbili hulinda asilimia 97, na wagonjwa 45 kati ya wale 50. Ukihesabu vichwa, karibu wagonjwa 4 kati ya 10 ni waliochanjwa. Ukihesabu uwezekano, aliyechanjwa anaugua kwa asilimia 3 na asiyechanjwa kwa asilimia 90. Habari inayotaja namba ya kwanza bila ya pili inapotosha.

Mahali ambapo watu wa Nyanda za Juu hukutana na lazima ya wazi ni mpakani. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 huruhusu nchi kudai kadi ya njano ya homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 11, 2016 ni cha maisha. Anayechanjwa asubuhi na kutaka kuvuka Tunduma jioni, kadi yake bado haijaanza kazi. Wenye sababu za kiafya, kama mzio mkali wa mayai, hujaziwa sehemu ya msamaha na daktari. Anayenunua kadi bila sindano amejitafutia karatasi tu, akaacha ini lake bila kinga.

Kuhusu faini za vijiji na vitisho vya watendaji, sisi tunazipinga pale zinapomgusa mama kabla ya huduma kumfikia. Mama aliyejifungulia nyumbani akiogopa kutozwa faini hatakuja kliniki kabisa, na mtoto atakosa sindano ya kifua kikuu na matone ya mwanzo. Adhabu humpata zaidi wa mbali na maskini, ambaye tatizo lake ni mto uliofurika au jokofu la zahanati lililokufa, kuliko mkaidi wa mjini mwenye uwezo wa kulipa. Vivyo hivyo kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inazuia aina 16 na 18 za kirusi zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Uvumi kwamba inaua kizazi hauna ushahidi, lakini humea vizuri pale mzazi anapopata habari baada ya binti kurudi na bega linalouma. Mzazi ajulishwe siku kadhaa kabla. Wasichana wachanjwe wameketi, wamekula, mmoja mmoja nyuma ya pazia: akizimia mmoja mbele ya foleni, wataanguka wengine, na hiyo ni hofu ya kweli ya mwili ingawa dawa haina kosa.

Serikali inayolazimisha hubeba mzigo mkubwa kuliko inayoshauri. Ikimwambia mtu ni lazima, inapaswa kumhudumia na kumfidia yule mmoja anayedhurika. Ujerumani ilianza kufidia mwaka 1961, Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1986. Kwetu suala la fidia halijapewa nafasi inayostahili, na wanaotaka faini kwa wazazi wangeanza nalo.

Kutoa taarifa na kuendelea

Tukio baya likitokea, rudi kituo ulichochanjiwa ukiwa na kadi ya kliniki. Taarifa inayofaa ina jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, tarehe na saa ya sindano, saa dalili ilipoanza, na dawa nyingine alizopewa mtoto, za kienyeji zikiwemo. Mhudumu hujaza fomu na kuipeleka kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri; taarifa nyingine hufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Kifo, kulazwa, ulemavu au hali iliyohatarisha maisha huchunguzwa mara moja. Kichupa kisitupwe. Mhudumu anayeripoti asiadhibiwe kwa kuripoti, maana akiadhibiwa mmoja, wenzake watanyamaza.

Mtoto akipata mzio mkali kwa dozi moja, chanjo hiyo hairudiwi. Kikohozi, mafua, kuhara kidogo au uzito mdogo si sababu ya kumrudisha. Mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji kinga zaidi. Aliyechelewa haanzi upya. Aliyepata Penta ya kwanza wiki ya 6 akapotea hadi mwezi wa 8 hupewa ya pili siku hiyo hiyo anayorudi, na ya tatu baada ya wiki 4 au zaidi, bila kukaripiwa dirishani.